Jibu la msomaji: Aliyeinuka kabla chombo hakijatua

Mhariri, swali lenu la wiki hii liliuliza hivi: chombo kisicho na mtu kinapotua kwenye sayari nyingine, na matangazo yakaonyeshwa moja kwa moja kwa kila mwenye simu, kwa nini wachache wetu hukesha wakitazama na wengi hawajali? Nimelisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikubaliana nalo, mara ya pili likanichoma, na mara ya tatu nikakaa kuandika, kwa sababu neno hilo la "hawajali" niliwahi kulitamka mimi mwenyewe, tena juu ya mtu ambaye hakustahili kuambiwa hivyo.

Nianze na lililonichoma. Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Malindi, na asili yetu ni Ngomeni. Mtu wa Ngomeni haambiwi kwamba mambo ya angani hayamhusu. Kuanzia mwaka 1967 hadi 1988 roketi zilikuwa zikirushwa kutoka kwenye majukwaa ya San Marco, pale baharini mbele ya kijiji, na tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ilirushwa kutoka pale setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, nayo ikapewa jina la Uhuru. Wazee wetu walikuwa na roketi mbele ya milango yao, bila skrini na bila mtangazaji wa kuwaambia wakati gani washangilie. Kwa hiyo anayedhani kwamba watu wa huku wamezaliwa bila hamu ya mambo hayo, namwomba kwanza aje aulize.

Tena hayo maneno "moja kwa moja" yana mushkili wake. Usiku wa tarehe 18 Februari 2021, saa sita kasoro dakika tano kwa saa zetu, nilikuwa macho peke yangu nikifuatilia Perseverance, kigari cha utafiti cha Marekani, kikitua Mirihi, katika shimo kubwa liitwalo kreta ya Jezero. Chombo kile kiliingia angahewa kwa mwendo wa karibu kilomita 20,000 kwa saa, kikafungua parachuti, na mwisho kikateremshwa kwa nyaya kutoka kwenye mtambo wenye injini uliokuwa ukielea juu yake, yote hayo kwa muda wa dakika 7. Lakini Mirihi siku hiyo ilikuwa mbali kiasi kwamba ishara zilichukua dakika zaidi ya 11 kufika duniani. Maana yake ni kwamba tulipopata habari kuwa chombo kimeanza kuingia angahewa, chenyewe kilikuwa kimeshakaa ardhini kwa dakika 4, kikiwa kizima au kimevunjika. Nilichokesha nikikitazama ni watu waliovaa barakoa wakingojea habari ya jambo lililokwisha pita. Nilishangilia pamoja nao, na sijuti, ila nilijua ninachoshangilia.

Sasa nije kwenye siku ninayotaka kuieleza, nanyi mnisamehe nikirefusha.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 23 Agosti 2023. Shule zilikuwa zimefungwa, na upepo wa kusi ulikuwa bado una nguvu, kwa hivyo ami yangu, ambaye maisha yake yote ni mvuvi, hakwenda baharini. Alikuwa ameketi kwenye baraza ya duka moja la vifaa vya uvuvi, akishona jarife lake lililokuwa limechanwa. Mwenye duka ni Mhindi wa hapa hapa, yeye amezaliwa Malindi na baba yake vilevile, na kwa wiki nzima alikuwa akinihesabia siku zilizobaki kabla ya chombo cha India kutua mwezini. Nililiona hilo kuwa jambo la kawaida mpaka aliponieleza kwamba mwaka 2019 alikesha peke yake akitazama chombo cha kwanza cha India kujaribu kutua mwezini, akaona nambari zikisimama kikiwa kimebakisha kilomita 2 tu kufika chini, kisha kimya. Hakupenda kulizungumza. Na siku nne kabla ya Jumatano hiyo, chombo cha Urusi, Luna 25, kilikuwa kimeanguka na kuvunjika huko huko mwezini. Ndiyo sababu alipoiegemeza simu yake kwenye kibunda cha mshipi, ili sote tuone, mkono wake haukutulia.

Tulikuwa watu sita: mwenye duka, ami, vijana wawili wa bodaboda waliokuwa wakingoja abiria, mpwa wangu wa miaka 9, na mimi. Saa 9:14 alasiri chombo kikaanza kuteremka kutoka kimo cha kilomita 30, kikiwa na mwendo wa kilomita 6,000 hivi kwa saa ambao ulipaswa kupunguzwa wote, kwa kuwa mwezini hakuna hewa na parachuti haifai kitu. Kwenye skrini hapakuwa na mengi ya kuonekana. Palikuwa na mstari uliopinda, nambari za kimo na za kasi zikipungua, na wahandisi wamekaa safu kwa safu huko Bengaluru. Kijana mmoja wa bodaboda aliuliza picha yenyewe iko wapi, na nilipomweleza kwamba hii ndiyo picha, akapanda pikipiki yake akaondoka. Mwenzake alibaki, lakini macho yake yalikuwa barabarani.

Ami hakuwa ameinua kichwa. Sindano ya nyavu ilikuwa ikipita na kurudi, fundo baada ya fundo, na kila fundo alikuwa akilivuta kwa kidole cha kati ambacho kina kovu la ndoana la tangu ujana wake. Kisha akauliza, bila kuacha kazi:

"Ndani mna mtu?"

"Hamna, Ami."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Ni mashine tupu."

"Basi kikipotea hapana mjane."

Nilidhani amedharau. Nikaanza kumweleza kuhusu ncha ya kusini ya mwezi, kwamba hakuna nchi iliyowahi kutua karibu nayo kiasi kile, kwamba huenda kuna barafu kwenye mashimo yasiyofikiwa na jua, na nilieleza kwa haraka ya mtu anayehofia kupitwa na nambari. Alinisikiliza. Nilipomaliza akaweka kiganja juu ya macho, akatazama juu upande wa matlai, akasema, "Mwezi wenyewe si ule pale?" Ulikuwepo kweli, juu ya paa la nyumba ya jirani, mweupe kama kigae cha kombe, haujafika nusu. Kati yetu sote tulioinamia simu, hakuna aliyekuwa amefikiria kuutafuta. Mpwa wangu alitoka barazani akasimama juani akautazama, na hakurudi haraka.

Kisha ami akaichomeka sindano kwenye jarife ili isipotee, akakung'uta kikoi chake, akainuka. Sala ya alasiri ilikuwa inakaribia, naye alitaka kutia udhu. Kwenye simu chombo kilikuwa chini ya kilomita moja, kimekaribia kusimama juu juu kutafuta mahali pa kutua. Nikamwambia, "Ami, dakika mbili tu, tafadhali." Akanijibu kwa upole, "Mwanangu, nikikaa kitatua, na nikiondoka kitatua." Akaenda zake. Ndipo nilipomgeukia mwenye duka nikamwambia kwamba wazee wetu hawajali mambo haya. Mwenye duka hakunijibu.

Muda mfupi baadaye mtandao ukasita. Picha iliganda chombo kikiwa mita mia na kitu juu ya ardhi ya mwezi, na kile kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya skrini. Mwenye duka aliiinua simu juu, akaishusha, akatoka nayo nje. Iliporudi, wahandisi walikuwa wamesimama wakipiga makofi, na kwenye nusu ya skrini Waziri Mkuu wa India, aliyekuwa Afrika Kusini kwa mkutano, alikuwa akipeperusha kibendera. Jambo lilikuwa limekwisha. Ile sekunde ya kugusa ardhi, ambayo nilimlaumu ami yangu kwa kuiacha, mimi pia sikuiona. Mwenye duka alisimama kimya, mkono kifuani, kisha akampa kijana wa bodaboda pesa akanunue halua. Adhana ilipigwa tukiwa bado tunaingoja.

Ami aliporudi kutoka msikitini, miguu bado ina unyevu wa udhu, aliuliza kama kimefika. Tukamwambia kimefika salama. Akasema alhamdulillahi, akakaa, akaichomoa sindano yake. Halafu akauliza, "Kimekuta nini?"

Hakuna aliyeweza kumjibu. Tulikuwa tunakula halua.

Laiti mambo yangeishia hapo nisingeandika barua hii. Ila kesho yake, nilipopita, aliniuliza tena kimekuta nini, na kesho kutwa pia. Kwa kuwa sikutaka kuaibika mbele yake kila siku, nikaanza kutafuta taarifa za shirika la anga la India, ISRO, kila jioni. Nikamwambia kwamba kigari kidogo kiitwacho Pragyan, chenye uzito wa kilo 26, kimeteremka kutoka ndani ya chombo. Nikamwambia kwamba wamechomeka kipimajoto ardhini wakakuta juu kuna joto la nyuzi zaidi ya 50, na sentimita 8 tu kwenda chini ni baridi chini ya sifuri. Hilo lilimfurahisha kuliko yote. Alisema ni kama mchanga wa ufukweni mchana, juu unaunguza nyayo na ukifukua kiganja kimoja unakuta ubaridi, na ndiyo maana kasa hafukii mayai yake juu juu. Nikamwambia kwamba kigari kilikuta shimo la upana wa mita 4 mbele yake kikaamrishwa kurudi nyuma, akatikisa kichwa kukubali. Nikamwambia wamethibitisha kuwepo kwa salfa. Akauliza ya kazi gani. Nikamweleza kwamba inaweza kusaidia wataalamu kujua ardhi ile iliundwa vipi, na hakuridhika, lakini alilikumbuka.

Chombo kile kilikuwa kimetengenezwa kufanya kazi kwa mchana mmoja wa mwezini, ambao ni kama siku 14 za huku kwetu. Tarehe 2 Septemba kigari kililazwa, kikiwa kimetembea mita 100 hivi, na tarehe 4 chombo chenyewe kikalazwa pia kabla ya usiku wenye baridi kali. Ilitarajiwa kwamba jua likichomoza, tarehe 22, huenda vikaamka. Kufikia wakati huo shule zilikuwa zimefunguliwa, nina madaftari ya kusahihisha, na nakiri kwamba nilikuwa nimesahau kabisa. Ami ndiye aliyenikumbusha. Alikuwa amehesabu. Siku ile niliyomwambia wameita na hawakupata ishara yoyote, aliacha kushona kwa muda, akatazama jarife lililokuwa mapajani mwake, asiseme kitu.

Watu zaidi ya milioni 8 walikuwa wakitazama kwa wakati mmoja chombo kikitua, idadi ambayo mtandao wa YouTube haukuwa umeiona kabla ya siku hiyo. Nilikuwa mmoja wao na nilijivunia hilo. Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwatetea watu wetu kwamba wanajali kama wengine, ila wanakosa mtandao na saa zinazofaa. Bado nalisema hilo, kwa kuwa ni kweli. Hata hivyo nikiulizwa sasa nani kati yangu na ami alikijali chombo kile, siwezi kujitaja mimi. Nilikijali kwa dakika 20, naye kwa mwezi mzima.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lenu ni kwamba ndiyo, wengi hawajali kuona chombo kikitua, nami sasa nadhani hawakosei sana. Nalisema hili kwa tahadhari. Kama mwenye duka asingeiegemeza ile simu, hakuna ambaye angelizungumza jambo lile barazani na ami asingekuwa na la kuuliza. Tena mtoto ni habari nyingine: mpwa wangu bado anaieleza siku ile, na anapoieleza huanza na mwezi juu ya paa, kisha makofi, kisha halua, na sitaki kumnyima mtoto yeyote siku kama hiyo. Wala sisemi kwamba mwenye duka alikosea kutetemeka. Aliyekesha mwaka 2019 ana haki yake ambayo mimi sina.

Chombo kingine kitakapotua, kiwe cha mwezini au cha Mirihi, nitakitazama nikiweza. Ami sitamsumbua saa hiyo. Nitapita barazani kesho yake, na kesho kutwa, nikiwa nimesoma.