Hiyo dawa ya puani itakutokea puani

Dada, funga kwanza huo ukurasa wa kununulia, ndipo usome. Umeuliza kama homoni ya oksitosini ya kupuliza puani itawafanya wabia wako waseme ukweli kwenye kikao cha hesabu cha Ijumaa, kama testosteroni, ile homoni ya kiume, ndiyo inayowafanya wanaume waongo, na kama homoni za msongo huharibu dhamiri. Hilo la kwanza mimi nimelilipia kwa kazi yangu.

Muuzaji aliniambia hiyo ni "homoni ya uaminifu". Kumbe uaminifu uko wa aina mbili, kusema kweli na kutowasaliti wako, na yeye akaniuzia huo wa pili!

Nilijifungia chooni kabla ya kikao, kichwa nyuma, tundu moja baada ya jingine, machozi yananilenga, chumvi inashuka kooni. Nikaingia nawapenda wote. Mwenzetu wa fedha akatandaza risiti. Moja ilikuwa na 1 iliyogeuzwa 7, tena kwa wino tofauti. Nikaiona. Akaniona nimeiona. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Hii naikumbuka, nilikuwepo." Sikuwepo! Nikasaini. Mkaguzi alipokuja, sahihi iliyokuwa chini ya risiti ile ni yangu peke yangu. Na senti moja sikula, ndicho kinachoniuma mpaka leo. Mwizi mwenyewe angalau alikula.

Baadaye ndipo nikakuta utafiti wa Shaul Shalvi na Carsten De Dreu wa 2014. Watu walibashiri sarafu itaangukaje, kisha wakaripoti wenyewe kama wamepatia. Waliopewa oksitosini walidanganya zaidi pale faida ilipogawiwa kundi lao. Faida ilipokuwa ya mtu binafsi, oksitosini haikuwazidishia uongo. Yaani mimi mtupu! Na yule mshauri wa semina aliyetupigia kelele za utafiti wa oksitosini wa Zurich wa 2005 hakutuambia kwamba ule ulipima kumwamini mtu na pesa zako, si kusema kweli, na kwamba waliourudia baadaye hawakupata matokeo yale. Ada ya semina alichukua, lakini. Oksitosini hospitalini inachochea uchungu wa uzazi na kuzuia damu baada ya kujifungua. Mimi nilijifungua barua ya kufukuzwa.

Utasema labda chupa yangu ilikuwa maji ya chumvi. Basi aibu ni kubwa zaidi. Mwaka 2010 wanawake walipewa testosteroni au dawa bandia isiyo na kitu, kisha wakagawana pesa na wenzao. Waliopewa testosteroni walitoa mgao wa haki zaidi, ila walioamini tu kwamba wameipata, hao ndio waliopunja. Imani peke yake inatosha kukuharibu. Haya, swali la testosteroni nimeligusa.

Usisaini hesabu za watu unaowapenda mbele yao, siku hiyo hiyo. Uwe umepuliza, hujapuliza, una mimba, una hasira, umetoka kukumbatiwa. Beba karatasi nyumbani, zisome peke yako, asubuhi uliza kuhusu kila tarakimu. Atakayenuna kwa sababu umeomba usiku mmoja, anza na risiti zake.

La tatu lilikuwa nini vile? Sawa, tutarudi. Waandikie wenzako sasa hivi kwamba Ijumaa mnasoma tu, kusaini ni Jumatatu.