Kabla hujaipa mashine jina, jua nani mwingine anaipa

Nilizipa majina kompyuta 12 za Linux, moja moja, kwa amri ya `hostname`. Kesho yake nikaziwasha: ya mapokezi inajiita "maktaba", na ya maktaba inajiita "localhost", jina la mashine isiyopewa jina. Nikadhani kuna mtu ananichezea.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Amri ile hubadilisha jina la wakati huo tu. Ukizima na kuwasha, limepotea. La kudumu huwekwa kwa `hostnamectl set-hostname`, likaandikwa ndani ya `/etc/hostname`. Sawa, lakini jina la jirani limetoka wapi?

Hapo ndipo wengi hukimbilia kuandika jina upya. Usifanye hivyo. Andika `hostnamectl` peke yake, usome taratibu. Kwangu jina la kudumu, "Static hostname", lilikuwa halijawekwa, na "Transient hostname", la muda, lilikuwa "maktaba". Jina la muda lina aliyelileta. Nikamsaka kwenye kumbukumbu za NetworkManager, programu inayosimamia mtandao:

`journalctl -u NetworkManager | grep hostname`

Mstari mmoja ukamaliza ubishi. Mwisho wake uliandikwa "from address lookup". Kumbe mashine ilikuwa imepewa anwani ya IP iliyokuwa ya maktaba, ikaiuliza DNS, daftari la majina ya mtandao, anwani hiyo ni ya nani, na rekodi ya PTR (inayotaja jina la anwani) ambayo hakuna aliyeifuta ikajibu. Ningeona "DHCPv4", ningekwenda kuikagua seva ya DHCP, mgawaji wa anwani za IP, ambayo hugawa na majina kupitia chaguo namba 12.

Diski zote nilizinakili kutoka moja, yenye `/etc/hostname` tupu, ndiyo maana NetworkManager ilijitafutia jina. Ukinakili hivyo, tazama na `/etc/machine-id`, kitambulisho cha mashine. Ikifanana, systemd-networkd, msimamizi mwingine wa mtandao, hujitambulisha kwa DHCP kwa kitambulisho kilekile, na mashine mbili zikagombea IP moja. Hilo lilinila siku nzima, kisa kingine.

Niliweka majina ya kudumu, nikafuta rekodi za zamani, yakatulia. Ukitaka NetworkManager isiguse jina kabisa, weka `hostname-mode=none` chini ya `[main]` kwenye faili lake la mipangilio; kwa systemd-networkd, kwenye lake, `UseHostname=no` chini ya `[DHCPv4]`. Kwenye seva za wingu mkaidi huwa cloud-init, programu inayoziandaa, naye hutulizwa na `preserve_hostname: true`.

Baada ya hapo `sudo` ikianza kulalamika "unable to resolve host", jina jipya halimo kwenye `/etc/hosts`, orodha ya majina na anwani iliyo ndani ya mashine yenyewe. Debian huliweka kwenye mstari wa 127.0.1.1, rekebisha hapo.