Dawa moja ya bomba, kutu na bakteria

Mdogo wangu wa Mtwara, umeuliza kama dawa ya kuzuia kutu inaweza pia kuua bakteria kwenye bomba la maji yanayotoka na gesi, maana ndani umekuta vishimo na utando mweusi unaonuka yai viza.

Kwanza usalama. Harufu hiyo ni haidrojeni salfaidi, nayo ikizidi pua huacha kabisa kuisikia. Usisogee karibu na bomba bila kipima gesi, nakusihi.

Utando huo mweusi yaelekea ni salfaidi ya chuma. Kuna bakteria wasiohitaji oksijeni. Hutumia salfeti ya majini badala ya oksijeni na kutoa gesi hiyo inayonuka, kisha chuma huliwa kwa vishimo. Sasa dawa za kuzuia kutu: kampaundi za kaboni zenye naitrojeni, kama imidazolini, hushika chuma kwa kichwa, na mkia wake wa mafuta husukuma maji mbali. Chumvi za amoniamu zenye matawi manne ya kaboni hufanya zaidi: hupasua pia ngozi ya bakteria.

Lakini bakteria wakishajificha chini ya ute wao, dawa huishia juu. Ndiyo maana mimi naweka usafi mbele: pitisheni kwanza kifaa cha kukwangua bomba, ndipo mtie kiuabakteria kama glutaraldehaidi, kizuia kutu kifuate. Mjaribu kwanza kwenye chupa kama dawa hizo mbili zinapatana.

Ili kujua kama kutu inapungua, tumbukizeni pia bombani vipande vya chuma vilivyopimwa uzito, na mkivitoa mhesabu vishimo. Uzito peke yake huficha mengi.