Maswali yenu: siku 90, miezi 6

Shikamoo bibi. Nasafisha vyumba hotelini, Kiwengwa. Nimejifungua juzi, na msimamizi anataka nirudi baada ya siku 60 kwa kuwa wageni ni wengi. Mama anasema nisigombane na tajiri.

Marahaba mwanangu, na hongera. Sheria ya Ajira ya Zanzibar, namba 11 ya 2005, inakupa siku 90, na wingi wa wageni haumo humo. Mama yako kasema kweli, usigombane. Andika. Barua fupi yenye tarehe uliyojifungua na tarehe utakayorudi, na nakala ubaki nayo. Akikataa, nenda Kamisheni ya Kazi na barua hiyo pamoja na mkataba wako.

Ila nikwambie linalonikera mie. Hospitali wanatwambia mtoto anyonye tu, bila maji wala uji, miezi 6. Sheria inatoa 3. Hiyo mitatu iliyobaki ni ya nani? Zamani tuliibeba sote: mzazi alikaa kwao hadi arubaini, akikandwa na kupikiwa, na siku ya kurudi kondeni mtoto alikuwa mgongoni. Gari ya wafanyakazi inayopita alfajiri haipakii vichanga.

Kwa hiyo, kabla hujarudi, omba mambo mawili: zamu isiyobadilika-badilika kwa wiki za mwanzo, na chumba chenye mlango unaofungika upate kukamua maziwa. Friji hotelini hazikosekani, na maziwa yaliyokamuliwa hukaa humo hadi siku 4. Nendeni mkaombe watatu wanne, hata ambao hawajazaa. Akienda mmoja ataitwa mvivu.

Bibi, mama mkwe wangu, hapa Wete, ana miaka 73 na hapokei pencheni jamii. Naambiwa hastahiki kwa sababu watoto wake wameajiriwa.

Aliyekwambia hajui. Pencheni ile ilianza Aprili 2016 kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea wanaoishi Zanzibar, wawe waliwahi kuajiriwa au la. Kazi za watoto wake hazimwondoi. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, ikaja kupandishwa hadi 50,000. Nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali hapo mtaani kwenu, na kitambulisho chake cha Mzanzibari mkaazi. Kama tarehe ya kuzaliwa imekosewa, anzeni kurekebisha hiyo.

Na zikitoka, ni zake. Nimeona wajukuu wakimsindikiza bibi kupokea. Wao wakarudi na vocha za simu, yeye akarudi na kiu.

Bibi, nampeleka mtoto kliniki mwenyewe, mke wangu akiwa kazini. Barazani wananicheka.

Wacheke. Siku moja waulize watoto wao wana kilo ngapi.

Bibi, msimu wa karafuu ukifika, jirani yangu huwatoa wanawe skuli wakaokote mpeta, karafuu zilizoanguka chini. Nikisema, naambiwa nina kijicho. Niko Micheweni.

Kijicho utaambiwa tu, maana umeanza na lawama. Mpeta ile ndiyo daftari na viatu vya watoto wale, na mama yao anajua hesabu yake kuliko wewe.

Lakini hofu yako ni ya kweli. Mtoto peke yake ndani ya mashamba, mbali na nyumba, anaweza kukutana na watu waovu, na msimu huleta wageni wengi. Ukiona au kusikia mtoto kadhuriwa, usingoje kikao cha ukoo wala usiogope kuvunja sitara ya watu: piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au mpelekeni kituo cha Mkono kwa Mkono, kinachohudumia waliodhalilishwa. Asiogeshwe wala nguo zisifuliwe kwanza, ushahidi usipotee.

Kwa yaliyobaki, mwende kwa sheha kabla karafuu hazijaiva, pamoja na mwalimu mkuu na wenye mashamba. Mwenye shamba ndiye anayeweza kusema, “Saa za skuli sitaki mtoto chini ya mikarafuu yangu,” na akasikilizwa. Kama mna kikundi cha hisa, cha kuweka na kukopeshana, pangeni mkopo wa sare utoke kabla ya msimu, ili mama asiitegemee mpeta.

Na wewe, nenda kwa jirani bila waraka wala wazee. Mwambie: “Wewe kachume, watoto watakula kwangu mchana wakitoka skuli.” Kisha uwapikie kweli.