Mwanangu, kabla hujafunga mizigo kuja Mwanza

Mwanangu mpenzi,

Jumapili ile uliponiuliza kwenye simu, "Mama, tukiacha Dar tukahamia Mwanza, tutajuta?" nilikwambia mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzima. Moyo wangu ulikuwa umeshakujibu kabla ya akili: njooni, njooni hata kesho. Tangu baba yako atutoke nyumba hii imekuwa pana mno, na wajukuu wangu nawaona kwenye kioo cha simu tu. Nikaona nikikujibu papo hapo nitakuwa najijibu mimi. Kwa hiyo nimetumia wiki mbili kuuliza watu, waliohamia na waliozaliwa hapa, na hata mmoja aliyehamia akarudi alikotoka. Leo ndiyo nimekaa kukuandikia.

Ulichoniambia sijakisahau. Unatoka Goba saa kumi na moja alfajiri, unarudi saa mbili usiku, na mwanao mdogo alipoambiwa achore familia alikuchora wewe ndani ya daladala. Hilo la mchoro limeninyima usingizi.

Kwanza nikuondoe wazo moja. Unasema "mji mdogo" kana kwamba unakuja kijijini. Kwa sensa ya 2022, wilaya mbili za jiji hili, Nyamagana na Ilemela, kwa pamoja zilikuwa na watu 1,104,521, na Dar 5,383,728. Ni udogo wa kulinganisha tu. Foleni ipo, hasa jioni barabara ya Kenyatta kuelekea Mkuyuni na Butimba. Lakini mimi hapa Isamilo nashuka mjini kwa miguu, nanunua vitambaa, napita sokoni, na narudi kabla maharage hayajaiva. Kwa habari ya muda, kila niliyemuuliza amesema jambo lile lile: muda wako unaupata. Hapo sina wasiwasi hata kidogo.

Wasiwasi wangu uko kwingine, nao sijui kama mwenzako ameufikiria. Hapa utajulikana.

Ulikuwa na miaka mitano tulipofika, mwaka 1997, baba yako alipohamishiwa huku kikazi. Meli ya MV Bukoba ilikuwa imezama ziwani mwaka mmoja nyuma, tarehe 21 Mei 1996. Mimi nilikuwa nimesikia habari hizo redioni nikiwa Tanga, nikasikitika kama mtu anavyosikitikia habari za mbali. Nilipofika hapa nikakuta ukuta mmoja na sisi mama aliyempoteza mume, na nyumba ya pili yake wamepoteza ndugu wawili. Walipokuwa wanakwenda Igoma makaburini walipita mlangoni kwangu, nami sikujua niseme nini. Ndipo nilipoelewa kwamba nimekuja mahali ambapo msiba hauwi habari ya redioni. Unakuwa na sura ya mtu unayemwazima kinu.

Tulipanga Mabatini, juu kule kwenye mawe. Maji tulikuwa tunayafuata bombani chini, foleni kuanzia usiku, kisha unapanda na ndoo kichwani mwamba hadi mwamba. Ziwa lote unaliona mlangoni pako, na ndani huna hata maji ya kunawa. Nilikosana na jirani mmoja kwenye foleni ile, kila mmoja akisema ndoo yake ilitangulia. Tukakaa miezi hatusemezani. Halafu zikaja mvua za El Niño, mwanzoni mwa 1998, na usiku mmoja ukashikwa na degedege. Baba yako alikuwa safarini. Nilipiga kelele moja tu. Aliyeingia wa kwanza ni yule jirani. Hakusalimia, hakuuliza, alikufunga mgongoni kwa kanga yake akashuka na wewe kwenye mawe yale yanayoteleza, mimi nyuma nimeshika kandili, mpaka barabarani, na kutoka hapo mpaka hospitali ya Bugando. Unamwita bibi hadi leo. Sasa umejua ulianzaje.

Nakusimulia huo upande, na sina haki ya kukuficha wa pili. Nilipoanza kushona, mteja mmoja alisema nimempunja kitambaa. Haikuwa kweli, kilikuwa kifupi tangu dukani. Alisema asubuhi, na jioni ile mtu wa Kirumba alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakigusa. Mwaka mzima nilishona sare za watoto wa majirani tu. Dar ningehamia mtaa mwingine nikaanza upya. Hapa nilibaki pale pale, nikapima kila kitambaa mbele ya mwenye nacho, na nikangoja.

Yule aliyerudi Dar ni muuguzi, tuliongea kwa simu. Alikaa mwaka mmoja na nusu. Hakulalamikia mshahara wala joto la siasa za kazini. Alisema kila alichonunua sokoni Jumamosi aliulizwa kazini Jumatatu, na alipoachana na mchumba wake wagonjwa walimpa pole. "Mama, nilichoka kuonekana," ndivyo alivyoniambia. Simlaumu. Wewe ni msiri tangu utotoni, ndiyo maana nimeliandika neno lake lilivyo.

Mzee mmoja mwalimu mstaafu, yeye wa Moshi, yuko Buhongwa miaka 20 sasa. Anasema kilichomfungulia milango si cheo, ni salamu. Kwa Kisukuma, asubuhi *mwangaluka*, mchana ukipinda *mwadila*, na usikimbie kabla mwenzako hajamaliza kukuuliza habari za nyumbani. Mimi nilikuja na haraka zangu za pwani nikaonekana najisikia. Ulikulia hapa, salamu unazijua, lakini mumeo hazijui, na watoto wenu wanasalimia kwa kupunga mkono. Waanze kujifunza huko huko.

Sasa riziki, maana hilo ndilo litakalowarudisha Dar kama mkikosea. Wewe ni mhasibu wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Kazi ya namna hiyo hapa ni chache, na zilizopo zina wenyewe. Kuna viwanda vya samaki, kuna wafanyabiashara wakubwa wa nafaka na pamba, kuna wanaohudumia migodi ya Geita, nao wote wanahitaji mtu wa hesabu. Lakini usije ukiwa na mategemeo ya kupata mshahara wa Dar. Tafuta ukiwa bado kazini. Usiandike barua ya kuacha kazi kwa sababu ya hasira ya foleni.

Mkwe wangu ndiye ninayemwonea huruma zaidi. Fundi umeme mzuri, najua, lakini wateja wake wote wako kwenye simu yenye namba za Dar. Hapa kazi ya fundi huanza na mtu kusema, "Huyu namjua." Niliongea na kijana mmoja fundi bomba aliyetoka Morogoro, akaniambia miezi minane ya kwanza alikuwa anarekebisha mabomba ya msikitini bure, na hapo ndipo walipomwona. Leo hana nafasi. Faida moja ni kwamba tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, Juni 2025, fundi anaweza kuchukua kazi Sengerema au Geita bila kulala akisubiri kivuko. Kilomita tatu juu ya maji, dakika chache umevuka. Baba yako alikuwa anakesha pale Kigongo, angefurahi kuliona.

Gharama. Kodi ni nafuu kuliko Dar, hilo ni kweli, na mboga pia. Samaki usimtegemee kuwa wa bure kwa kuwa ziwa lipo. Sangara mzuri anakwenda kiwandani, minofu inasafirishwa nje, na mwananchi wa kawaida kwa miaka mingi ameletewa mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki. Sato mkubwa akifika sokoni ana bei yake na ana mtu wake aliyemwagiza jana. Muuza samaki wangu huniwekea mmoja Ijumaa. Imenichukua miaka sita kuwekewa.

Kuhusu kiwanja, nakusihi msinunue mwaka wa kwanza. Watakuja vijana wenye pikipiki kuwaonyesha eneo zuri linalotazama maji. Sheria ya mazingira ya 2004 imezuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na isitoshe ziwa lenyewe linajua kudai chake. Mwaka 2020 maji yalipanda sana, watu wakahama nyumba walizojenga kwa jasho. Ukipanda mlimani nako, mwamba usiouona chini ya majani utakula fedha za msingi zote. Kuna watu hapa kazi yao ni kuchoma mawe na kuyapasua, na mwenye kiwanja hulipa siku baada ya siku bila kuona tofali hata moja. Nilimwona jirani yangu akiuza ng'ombe watatu kwa ajili ya jiwe moja.

Na maji ya bomba uliza mtaa kwa mtaa, usiulize jiji. Chanzo kipya cha Butimba kimesaidia wengi, mimi mwenyewe nimepunguza madumu, lakini mwenye nyumba juu kilimani na mwenye nyumba tambarare hawanywi sawa. Uliza majirani, usimwulize dalali.

Watoto msiwaache waoge ziwani. Kichocho kipo, na malaria unaijua, ilitaka kukuchukua.

Ninachofikiri mimi, baada ya yote haya: mnaweza kuja, na nadhani mwanao atakuchora nyumbani. Lakini kama mnakuja ili mpumzike kutokana na watu, hapa si mahali pake. Muda utakaoupata hapa watu watauomba sehemu yake. Utaitwa msibani kwa mtu uliyemwona mara mbili, utachangia, utapika, utakesha. Nimeishi hivyo miaka 28, na siku tulipomzika baba yako sikubeba hata ndoo moja ya maji. Sikujua nani alileta kuni. Mpaka leo sijajua.

Basi nakuomba jambo moja. Msije Desemba. Desemba kila mtu ana nguo mpya na kila nyumba ina pilau. Njooni Aprili, mvua ikinyesha, njia za Mabatini zikiteleza na umeme ukikatika. Mkae wiki tatu. Na msifikie kwangu, ingawa kuandika hivi kunaniuma. Mkifikia kwangu mtaishi kwenye jina langu, muuza samaki atawawekea sato, na hamtajua kama mji umewapokea nyinyi au umenipokea mimi. Nimeongea na mama mmoja wa Nyegezi ana vyumba viwili na jiko, atawapangisha kwa wiki. Mumeo aje na vifaa vyake vya kazi. Wewe ukapande daladala saa moja asubuhi kuja mjini, uone mwenyewe.

Nitakuja kuwaona Jumatano na Jumapili tu. Nimejiwekea hivyo, na bibi yako wa Mabatini amesema atanisimamia. Bado ana ile kanga. Imechakaa, lakini anataka kumfunga nayo mgongoni huyo mwanao mdogo, japo kwa mara moja, kabla magoti hayajamkatalia kabisa.

Nitumie tarehe. Nitakuwa stendi ya Nyegezi kabla basi halijafika.

Mama yako.