BMI sawa, ushauri tofauti

Dada, umeuliza kwa nini wewe na jirani yako Mhindi wa Makadara nyote mna kilo 68 na urefu wa mita 1.68, lakini daktari amemwambia yeye tu apunguze. Hesabu ni ileile: zidisha 1.68 kwa 1.68, kisha gawanya 68 kwa jawabu hilo, mnapata BMI (kipimo cha uzito kulinganisha na urefu) ya 24. Ila mzani hautofautishi misuli na mafuta. Kwa BMI moja, watu wa asili ya Asia Kusini kwa kawaida huwa na mafuta mengi zaidi, hasa yale ya ndani ya tumbo yanayozunguka ini, na kisukari huwashika mapema. Ndiyo maana mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) waliwawekea Waasia alama ya tahadhari kwenye BMI 23, si 25 ya kawaida.

Nawe usijipe raha bado. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi. Usipime juu ya leso, wala usivute tumbo ndani (hapo ndipo wengi hujidanganya). Ikifika sentimita 80, jiangalie. Ikipita 84, yaani nusu ya urefu wako, kapime sukari na presha hata kama BMI haijasogea.