Jibu: Kwa nini Katwe hakuna samaki?

Ndugu, umeuliza kwa nini Katwe, ziwa la magharibi mwa Uganda, hakuna samaki ilhali kwenye maziwa ya kasoko (mashimo ya volkeno yaliyojaa maji) upande wa mji wa Fort Portal watu wanavua ngege (tilapia). Sababu ni chumvi. Katwe haina mto wa kutolea maji. Chemchemi zinaingiza madini, jua kali linakausha, chumvi inabaki, na ndiyo hiyo watu wanaivuna. Fort Portal mvua ni nyingi, maji ni matamu.

Ila kina kirefu cha maziwa hayo ya Fort Portal kisikudanganye. Kuta za kasoko huzuia upepo, kwa hiyo maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vizuri. Huko chini oksijeni hakuna, samaki wanabanana juu. Ziwa Saka, mojawapo ya hayo ya Fort Portal, walipandikiza hata sangara, mla wenzake! Mimi nisingethubutu.